Paka Aliyevuka Nzoia

Hata leo, harufu ya samli ikimiminwa juu ya mboga za kienyeji hunirudisha kwenye nyayo za paka. Mtacheka, lakini ndivyo ilivyo. Nilikuwa bado wa shule ya msingi, na kazi niliyopewa ilikuwa kumshika paka miguu huku mama akimpaka samli. Watu walisema akishailamba yote, atakuwa ameizoea nyumba mpya.

Paka huyo alikuwa wa Kukhu, mama yake baba. Tulimwita Chifu kwa sababu alipenda kukaa mahali palipoinuka na kutazama wengine wakifanya kazi. Babu alipofariki, baba alimtoa Kukhu kule Mayoni, kwenye mashamba ya miwa, akamleta kwetu mjini Kakamega. Mwanamke mzee ataishije peke yake, aliuliza, na hakuna aliyembishia. Kukhu alikubali kwa sharti moja, kwamba Chifu aje pia.

Jirani alikuwa ametuonya kuwa paka huzoea nyumba, hazoei watu. Kwa hivyo Chifu alisafiri ndani ya gunia, na kabla ya kuondoka baba alilizungusha gunia hilo ili apoteze njia. Tulipofika alitoka akiyumba kama mlevi, akatapika kwenye viatu vya baba. Basi tukaanza kumlinda. Madirisha yalitiwa wavu. Mlango ulifungwa hata mchana wa jua kali, tukawa tunapika na kula huku tumelowa jasho. Baba alinunua kufuli kubwa, akalitia kwenye geti.

Kukhu hakushiriki. Alikaa dirishani, Chifu mapajani, wote wawili wakitazama upande wa machweo. Chakula alikionja tu. Ugali wetu, obusuma kama alivyouita, ulikuwa laini mno, alisema, na maji ya mfereji hayakuwa na ladha.

"Mnajisumbua," alimwambia mama. "Huyu anajuanga kwao."

Siku moja tulikuta wavu wa dirisha la jikoni umeng'oka pembeni. Chifu hakuwepo. Tulimtafuta mitaroni na nyuma ya vibanda vya soko, tukawauliza watu wa boda boda. Nililia hadi nikashikwa na kwikwi. Kukhu hakulia. Aliuliza tu kama mto Nzoia umejaa.

Wiki zikapita. Miwa yetu ilipofika wakati wa kukatwa, baba alikwenda Mayoni kusimamia, nami nikaenda naye. Nyumba ya Kukhu ilikuwa imefungwa, majani yamemea uani. Na pale kwenye kizingiti cha jiko, amekonda hadi mbavu zinahesabika, sikio moja limechanika, alikuwa amelala Chifu.

Sikumkimbilia. Nilisimama kama mtu aliyeingia kanisani watu wakiwa wanasali. Niliikumbuka njia tuliyopita, Mumias na matrekta yake ya miwa, kisha daraja la Nzoia na maji mekundu chini yake. Yeye hakuwa ameona hata mti mmoja wa njia hiyo. Alikuwa gizani ndani ya gunia, kichwa kikizunguka. Baba alivua kofia. Nadhani hata yeye hakujua kwa nini.

Akapiga simu nyumbani, akaomba apewe Kukhu, akawasha spika, akaisogeza simu kwenye mdomo wa Chifu. Paka akalia mara moja kwa sauti iliyokauka.

"Amevuka Nzoia," Kukhu alisema.

"Amevuka, Mama."

"Sasa mimi nitashindwa na paka?"

Baba aliketi kizingitini kando ya Chifu, akautazama ule uwanja uliomlea. Kisha akasema polepole, "Wacha nianze kufyeka majani, Mama."

Kukhu alirudi mwezi huo huo. Binamu ya baba na mkewe walihamia nyumba ya jirani ili wamwangalie. Alipanda mboga, akanenepa, akaishi miaka mingi. Chifu alimtangulia, akazikwa nyuma ya jiko.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza habari ya lile kufuli. Paka hapiti getini, huruka ua. Kumbe Kukhu alikuwa ameshaonekana stendi akiwa na leso yake na bakora, akiuliza gari la Mayoni, na baba akaogopa kwamba atapotea au atagongwa. Sisi watoto tuliambiwa ni kwa ajili ya paka.

Bado sijui Chifu aliijuaje njia, na kila nikivuka daraja lile hutazama maji na kushangaa. Lakini sasa nami nina watu ninaoogopa kuwapoteza, na aliyezidi kunishangaza ni baba. Alikuwa na kila sababu ya kumzuia mama yake, na ukoo mzima ungemuunga mkono. Akamwacha aende, kisha kwa miaka yote iliyobaki akalala na simu karibu na sikio.