Mama Tochi na Kobe la Mnadani

Saa mbili na nusu asubuhi, kwenye banda la kuhifadhia magari, kinachoonekana chini ya pikapu kuukuu ni raba mbili zilizochakaa na pindo la ovaroli. Mwenye raba anagonga bati kwa nyundo ndogo, anasikiliza, anagonga tena, kisha anaguna.

"Hapa wamepaka rangi juu ya msiba," sauti inatoka chini.

Mama wa miaka hamsini na mitatu anajivuta nje, anajikung'uta vumbi na kuchukua sumaku iliyofungwa kitambaa. Sumaku hushika bati, lakini haishiki fila, ule udongo ambao mafundi huzibia mashimo ya kutu. Kwenye mlango wa kushoto wa pikapu inateleza mpaka chini. Mlinzi wa banda anacheka. Mama hacheki; anapiga picha na kuandika kwenye simu.

Wenye magari wanamwita Mama Tochi. Kazi yake ni kuwa macho ya watu wasioweza kufika. Siku hizi magari mengi ya zamani yanauzwa kwa mnada wa mtandaoni: picha zinawekwa, wanunuzi wanapandisha dau wakiwa majumbani mwao, na saa ikitimia, mwenye dau la juu ndiye mwenye gari. Akija kugundua kuwa sakafu imeoza, shauri yake.

"Picha haina harufu," anasema. "Gari lililonyeshewa miaka mitatu, pua hulijua kabla ya jicho."

Kwa ukaguzi mmoja hulipwa elfu hamsini. Wiki nzuri hupata magari matano. Wiki mbaya hupata moja, na nauli ni juu yake.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake, aliyekuwa na gereji ya kutengeneza magari ya mgongo wa kobe, yale madogo yenye injini nyuma. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, na injini ya kwanza kuifungua kwa mikono yake ilikuwa ya kobe.

"Wateja walikuwa wakinikuta wanauliza, 'Fundi yuko wapi?' Mjomba anawajibu, 'Ndiye huyo. Au mlitaka mwenye ndevu?'"

Mjomba alipofariki gereji ilifungwa. Mama Tochi akahangaika na vibarua vya hapa na pale hadi mgongo ulipogoma kunyanyua vyuma. Ndipo alipoingia kwenye ukaguzi, miaka sita iliyopita. Lakini kobe halikumtoka moyoni. Kwa miaka tisa alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo, apate la kwake.

Mwaka jana akapigiwa simu na mkunga mstaafu anayeishi mji wa mbali. Mkunga alikuwa ameona kobe la buluu mnadani, la mwaka 1968, akataka likaguliwe kabla hajaweka dau. Alilipa siku hiyo hiyo.

Mama Tochi alilikuta kwenye uwanja wa nyumba moja, chini ya turubai. Sumaku ilishika kila mahali. Viti vilikuwa vile vile vya kiwandani. Injini ililia kwa mkupuo wa kwanza. Alipoinua kiti cha nyuma, ambako kobe huwekewa betri, alikuta tindikali imekula sakafu na kuacha tundu la kuingia ngumi. Basi. Gari zima halikuwa na ugonjwa mwingine.

"Nilikaa kwenye usukani kama dakika ishirini," anasema. "Mwenye nyumba akaja kuniuliza kama nimezidiwa."

Alikuwa amezidiwa kweli. Gari alilolitafuta miaka tisa lilikuwa mbele yake, na aliyemtuma kulitazama alikuwa mtu mwingine. Picha moja tu ya lile tundu, bila neno la ziada, ingetosha kumtisha mkunga.

"Wala nisingekuwa nimesema uongo. Tundu lilikuwepo. Ndicho kilichonitesa."

Alirudi nyumbani, akamsimulia mumewe. Mume wake ni fundi viatu, mwenye kibanda kando ya barabara, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Alimsikiliza huku akivuta uzi kwenye soli.

"Sasa unaniuliza nini?" akasema mume.

"Nakuuliza nifanye nini."

"Wewe unajua la kufanya, unatafuta wa kukukataza tu. Mke wangu, mimi nilioa fundi, sikuoa dalali. Mpigie mama wa watu."

Akampigia. Mazungumzo hayo anayakumbuka neno kwa neno.

"Mama, shikamoo. Gari nimeliona. Ni zima, lina tundu moja la kuchomelea. Ripoti yote nakutumia. Ila nina neno."

"Marahaba. Sema, binti yangu."

"Gari hilo nalitaka mimi. Nalitafuta miaka tisa. Nimeona nikwambie kabla sijaingia mnadani, usije ukasikia kwa mwingine. Na hela yako nakurudishia."

"Hela umeifanyia kazi, ya nini kuirudisha?" mkunga akasema. "Nimezalisha watu miaka thelathini na nne, nimeona wanaoficha na wanaosema. Ingia mnadani. Ila ujue, mimi sikuachii."

"Nami sikuachii, mama."

Wakacheka wote wawili. Vicheko vya watu wanaopimana.

Mnada ulifungwa siku ya Alhamisi, saa saba mchana. Mama Tochi alikaa kwenye kibanda cha mumewe, simu juu ya meza, katikati ya viatu visivyo na visigino. Kikomo chake kilikuwa milioni nne na nusu; zaidi ya hapo ilikuwa ada ya chuo ya binti yao. Wanunuzi walikuwa wengi, wakapukutika. Dakika kumi za mwisho wakabaki wawili: namba kumi na saba, ambaye ni yeye, na namba tatu.

Kila dau jipya liliongeza dakika mbili. Milioni nne. Nne na laki mbili. Nne na laki nne. Mteja aliyekuja kuchukua kiatu chake akasahau kukivaa, akasimama na soksi moja kutazama. Mama Tochi akaweka nne na nusu. Namba tatu akaweka nne na laki sita.

"Ongeza," mume akasema. "Tutajua mbele ya safari."

"Hapana. Mtoto hasomi kwa kobe."

Dakika mbili zikaisha. Akaifunika simu kifudifudi, akachukua ufagio, akafagia kibanda kilichokuwa kimeshafagiliwa.

Jioni hiyo mkunga akapiga.

"Namba kumi na saba ulikuwa wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Umenitoa jasho. Sasa nina ombi. Tundu lile uzibe wewe. Simwamini mwingine."

Mama Tochi aliomba siku mbili. "Nilikasirika," anakiri. "Mimi ni mtu, si malaika. Unishinde, halafu nikutengenezee?" Siku ya tatu alikubali, kwa sababu, anasema, aliwaza fundi mwingine akilichomelea ovyo, akashindwa kulala.

Kazi ilichukua wiki tatu, kwenye karakana ya rafiki. Mkunga alikuja mwenyewe kulichukua: mama mfupi wa miaka sitini na minane, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Alilizunguka gari, akafungua mlango, akainamisha kiti cha mbele, akakishika cha nyuma.

"Mwanzo wa kazi tulipewa moja kama hili kuwafuata wazazi," akasema. "Watoto wawili wamezaliwa juu ya kiti kama hiki. Mmoja leo ni mwalimu."

Kisha akampa Mama Tochi ufunguo. "Endesha wewe kwanza. Mimi nitakaa pembeni."

Waliendesha kilomita arobaini, wakarudi wakiwa wanazungumza kama ndugu. Tangu hapo mkunga amemtafutia wateja saba.

Mama Tochi angali anatafuta. Jumatatu ijayo unafunguliwa mnada wa kobe la kijani, halina injini, viti vimeliwa na panya. Amekwenda kulikagua mwenyewe mara mbili. Binti amemaliza chuo mwezi uliopita, hivyo kikomo kimepanda hadi milioni tano, na injini ataifunga mwenyewe, taratibu, mgongo ukiruhusu.

"Nikilikosa, nitatafuta jingine," anasema, akifunga mkoba wa vifaa. "Nikilipata, abiria wa kwanza ni mume wangu. Ila kashasema atakaa kiti cha nyuma, watu wadhani ana dereva."