Nilimeza kapsule za kulinda tumbo, nikaanza kuogopa mteremko wa Kibumba

Wakuu, nawasalimu kutoka Goma.

Mimi huwa nasoma nyuzi za wengine na kuondoka kimya. Leo nimejikaza. Naandika polepole, shule niliishia ya msingi, mnivumilie. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na pale nisipoelewa nitasema sielewi.

Kazi yangu ni chukudu. Kwa wasioijua, ni kama baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali. Tunapakia magunia, mlimani tunaisukuma, kwenye mteremko tunaipanda. Breki ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga kwa mguu. Mimi nashusha kabichi kutoka Kibumba hadi mjini.

Naipenda kazi hii kwa sababu haitaki maneno. Mimi ni mtu wa aibu. Ukiniweka sokoni Birere niite wateja, nitasimama hapo mpaka jioni kama nguzo ya umeme.

Chukudu yenyewe ni ya baba mdogo.

Sasa, mwaka jana tumbo lilianza kunisumbua. Linajaa upepo, linanguruma, mara choo hakitoki, mara kinakimbia. Naona aibu hata kuyaandika, lakini bila hayo hamtanielewa.

Pamoja na tumbo ikaja hofu.

Nikifika pale juu barabara inapoanza kuinama, moyo unapiga, mikono inatoka jasho, naona kabisa chukudu ikinirusha. Na barabara ni ileile ninayoshuka miaka yote! Usingizi ukapungua. Mara nakasirika kwa kitu kidogo, mara nataka kulia bila sababu. Kichwa kizito kama nimevaa kofia iliyolowa.

Nikaanza kushuka kwa miguu, nikiizuia chukudu kwa mikono. Bahati, mwenzangu aliyenifundisha kazi, ananipita akicheka:

"Weye! Unashusha kabichi ao unasindikiza bibi-harusi?"

Wengine wanacheka. Mimi nainamisha kichwa tu.

Kabichi zikawa zinafika wakati wanunuzi wameshaondoka. Baba mdogo akaniita.

"Mutoto yangu, uko mugonjwa ao uko muvivu? Sema."

"Sijue, baba mudogo."

"Unajuaga nini basi? Ikiendelea hivi, chukudu nitamupatia mutu mwingine. Weye utaenda kuuzisha na shangazi yako kule Birere."

Niliogopa Birere kuliko mteremko.

Mama alisema kuna watu wenye wivu wamenifanyia kitu. Akanipeleka kuombewa. Nikatulia kidogo, kesho yake tumbo likanguruma na hofu ikarudi. Nikawa najiuliza njia nzima: tumbo linaumwa kwa sababu naogopa, au naogopa kwa sababu tumbo linaumwa? 

Mwishowe nilikwenda kituo cha afya huko Munigi. Wakapima choo, hakuna minyoo wala amiba. Muuguzi, mama wa makamo, akaniuliza kama kuna dawa ninayotumia.

"Hapana, mama. Hata moja."

Wakuu, sikudanganya. Niliamini hivyo.

Akaniona natetemeka, akasema nikae kwenye benchi nile kwanza, ndipo anipime tena. Nikatoa viazi vyangu. Na kabla ya kula nikafanya kama kawaida: nikatoa kapsule mfukoni, ile ya rangi mbili, nikaimeza.

"Eh! Unameza nini?"

"Hii? Hii si dawa, mama. Ni ya kulinda tumbo."

"Nani alikuambia?"

"Siye bote ba chukudu tunamezaga. Chakula ya njiani iko na bichafu."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mutoto yangu, ile iko dawa! Ni antibiotiki!"

Nikamweleza. Bahati ndiye aliyenipa ya kwanza, nilipoanza kazi. Mwanzoni nilimeza mara mojamoja. Tumbo lilipoanza kusumbua nikaongeza, ili nijilinde zaidi. Likasumbua zaidi, nikaongeza tena. Kwangu ilikuwa kama chumvi, sehemu ya chakula.

Yule mama alinieleza kwamba tumboni kuna vijidudu vingi vizuri vinavyotusaidia, na antibiotiki haichagui. Ni kama kupulizia dawa ya magugu kwenye shamba la maharagi: magugu yanakufa na maharagi yanakufa. Akasema tumbo na kichwa vinaongea wakati wote, kimoja kikivurugika kinaweza kukivuruga kingine.

Nikamuuliza kwangu kilianza kipi.

Akacheka. "Hata miye sijue."

Akaniambia niache kujipa kapsule, nile maharagi, sombe ya majani ya muhogo, na mashanza, yaani maziwa ya kuganda, halafu nirudi anione.

Msidhani nilipona hapohapo. Mwanzoni hofu ilizidi! Kula bila kapsule niliona kama kutembea uchi sokoni. Siku nzuri, siku mbaya, siku nyingine nzuri. Lakini usingizi ulianza kurudi, na tumbo likaanza kunyamaza.

Asubuhi moja nilisimama pale juu na mzigo wangu. Moyo ukapiga, ila si kama zamani. Nikala viazi taratibu, nikapumua, nikapanda. Nilishuka nikikanyaga breki njia nzima, tairi linanuka, lakini nilishuka nikiwa juu ya chukudu.

Bahati alikuwa chini ananingoja. "Leo bibi-harusi amekimbia!"

Baba mdogo naye alisikia. Alinipa tu kamba mpya ya kufungia mzigo, nikajua chukudu inabaki kwangu.

Juzi tulikula pamoja na Bahati kando ya njia. Akatoa kapsule mbili, moja akanisogezea.

"Kamata."

"Apana."

Akameza yake. Kisha akauliza, macho yake yakiwa kwenye sahani:

"Ile woga yako... ilianzaga na moyo kupiga?"

"Ndiyo."

"Na usingizi?"

"Ulikimbia."

"Mm."

Akafunga mzigo wake, tukaondoka. Tulipofika kwenye mteremko uliofuata niligeuka, nikamwona anashuka kwa miguu, ameshika chukudu yake kwa mikono miwili.

Nilitaka kumwambia yote. Mdomo ukagoma.

Nilichojifunza: muuguzi akiuliza unameza nini, taja vyote, hata kile ambacho wewe hukiiti dawa. Sisemi muache dawa mliyoandikiwa na daktari, hiyo malizeni. Nasemea zile tunazopeana wenyewe njiani. Kama kwangu chanzo kilikuwa kapsule peke yake, bado sijui.

Kesho napanda Kibumba na Bahati. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na ni mkubwa kwangu. Ninyi mnaojua kuongea, mngeanza na neno gani?