Mupini wa Mukono Mumoja

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa muti. Nilifika na randa na musumeno wa marehemu baba, shati imepigwa pasi, kwenye atelié, karakana ya shamba moja kubwa la chai huku Masisi. Shefu wa atelié, muzee mufupi mwenye kukohoa, aliniangalia mikono kwanza, halafu akasema:

"Weka vyombo vyako pale. Panda kule mulimani wanapolima, ukae uangalie. Ukirudi utaniambia nani anapiga namna gani."

"Kupiga nini, Shefu?"

"Jembe, kijana! Ao ulifikiri hapa tunachonga viti vya harusi?"

Nilikasirika sana. Nilikuwa nimesoma useremala, ningeweza kutengeneza kabati, na huyu ananituma kutazama akina mama wakilima! Nilirudi jioni nikamwambia, "Wanalima, Shefu." Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na kesho yake akanirudisha kule kule. Ilinichukua muda kuona. Mama mumoja alinyanyua jembe juu ya kichwa na kuliacha lianguke lenyewe. Jirani yake hakulipitisha kiuno, alilivuta tu kwa haraka, kidogo kidogo. Kulikuwa pia na baba mumoja murefu aliyelima amejikunja kabisa, kila mara anasimama kushika mugongo, kwa sababu mupini wake ulichongwa kwa muntu mufupi. Nilipomweleza Shefu hayo yote, alinipa shoka na kunionyesha muti wa kuanzia.

Njo hiyo ilikuwa kazi yangu maisha yote: mipini. Ya majembe, ya mashoka, ya nyundo za kuvunja mawe. Ninyi vijana munanunua mupini sokoni kama munanunua sabuni, wote sawasawa, mukalitusi mubichi uliokatwa juzi. Wiki mbili muti unakauka, unanywea ndani ya tundu la jembe, chuma inaruka na kumuvunja muntu muguu. Halafu munasema jembe ni mbaya! Jembe imekosa nini? Mupini unakaushwa kivulini, polepole, mpaka ukiugonga ulie. Nyuzi za muti, ile mistari unayoiona ukiupasua, zipite moja kwa moja toka kichwa mpaka mukia. Zikikatiza pembeni, siku moja utavunjika mikononi mwako.

Lakini muti muzuri peke yake hautoshi. Mwenye kupiga kwa haraka na nguvu anahitaji mupini mugumu, usionepa, la sivyo chuma inafika imepinda. Mwenye kupiga polepole anahitaji unaonepa kidogo, umusaidie kusukuma chuma mwishoni. Urefu unaupima kwa muntu akiwa amesimama pale anapolimia, siyo ndani ya atelié kwenye sakafu ya simenti. Hilo la mwisho Shefu alinirudilia mpaka nilichoka naye. Mungu amupumzishe.

Kutoka pale nilipelekwa Kashebere, upande wa Walikale, kwenye kikosi cha barabara. Kule ni pori, miti inaanguka njiani kila mvua, na kazi ni shoka. Kapita, musimamizi wa barabara, alikuwa muntu wa maneno machache, mwindaji wa zamani. Vijana wake wenye vifua walikuwa wakija kwangu: "Papa, nipe munene! Nipe muzito!" Kila mumoja alitaka mupini wa kumuzidi mwenzake. Saa nne wote walikuwa chini, viganja vimetoka malengelenge, na Kapita alikuwa anaendelea na kashoka kake ka mupini mwembamba, hata jasho haionekani.

"Wanachagua mupini wa muntu wanayetaka kuwa," aliniambia. "Weye uwape wa muntu waliye. Watakutukana asubuhi, jioni watakushukuru."

Walinitukana kweli, lakini jioni wengine walileta nyama.

Miaka yangu ya mwisho ilikuwa Mweso, kwenye atelié ndogo ya hospitali. Nilikuwa nachonga zaidi bekiyi, zile fimbo za kwapani za watu waliovunjika miguu. Mukubwa wangu alikuwa Kine, daktari wa mazoezi ya viungo, kijana mwenye adabu na mikono ya subira. Njo yeye aliyemuleta Mama Sifa.

Mama Sifa alikuwa mukimbizi, ametoka vijiji vya upande wa Kashebere na watoto wane. Risasi ilipita begani, na mukono wa kuume ulibaki unaninginia tu. Muzee mumoja wa Mweso alimuazima kipande cha shamba, kimesimama mulimani kama ukuta. Sharti lilikuwa moja: mvua ikikuta shamba halijalimwa, linapewa jamaa ingine. Yule muzee hakuwa muntu mubaya. Waliokuwa wanangojea udongo walikuwa wengi, na yeye hakutaka hata kipande kilale bure. Kwa Mama Sifa, kupoteza shamba ilikuwa kurudi kupanga foleni ya kuomba chakula na watoto wake.

"Papa, nitengenezee jembe ya mukono mumoja," aliniambia. "Ya kushoto."

Nilimuchongea mupini mwembamba, mwepesi, na nikautia kijembe kilichokwisha kulika. Alipiga mara moja kwenye majani nyuma ya hospitali. Kijembe kiliruka kama kimegonga mawe. Akapiga tena, kikaruka. Alikitupa chini.

"Hii ni ya mutoto kuchezea. Unanihurumia, Papa, na huruma yako njo inanichokesha. Chuma nyepesi, nguvu yote inatoka kwangu. Nipe chuma yenye uzito, ifanye kazi yake!"

"Utainyanyua na nini, Mama?"

Macho yake yakajaa machozi. Hakuna kilichonisikitisha katika kazi hii kama yale machozi, kwa sababu sote wawili tulikuwa tumesema kweli.

Kine alikuwa amechuchumaa, anamushika ule mukono wa kushoto, anaukunja na kuukunjua. "Kiganja kinachoka haraka," alisema, "lakini kiwiko iko na nguvu. Tuache kiwiko ibebe." Njo tulichonga mupini mufupi usioishia mukononi: unapita juu ya mukono mpaka karibu na kiwiko, na unafungwa pale kwa mupira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Mbele nilipigilia kijiti cha kushika. Kisha nikautia jembe nzima, yenye uzito wake.

Tulienda wote watatu shambani. Kumbe Mama Sifa alikuwa amekwenda kumuomba muzee amubadilishie, amupe shamba la tambarare kule bondeni, kama alivyozoea kwao. "Ngoja kwanza," nilimwambia. "Simama chini, utazame juu." Alisimama, na udongo ulikuwa mbele ya magoti yake. Kule tambarare angeinama mpaka chini na kunyanyua jembe safari yote ya kurudi. Hapa mulima ulikuwa umemusogelea. Alinyanyua kidogo tu, akaiacha chuma ianguke. Iliingia! Akavuta, bonge la udongo likageuka, jeusi.

Alipiga tena, na tena, anapanda taratibu, na Kine alikuwa anaangalia pembeni kusudi tusimuone anafuta macho. Mvua ilipofika, muzee alikuja, akazunguka shamba lote na fimbo yake, akamwambia neno moja: "Panda." Alipanda maharagi, na watoto walikula maharagi yale.

Sasa nimestaafu, niko kwetu Muheto. Macho hayaoni tena nyuzi za muti, lakini vidole vinaziona. Nililima kidogo, nikasali, nikafikiri mambo yamekwisha. Halafu siku moja barabara ilijaa watu, Mweso yote ilikuwa inatembea, inakimbia vita. Muntu akikimbia na jembe, anagonga mupini utoke na kuuacha, anabeba chuma peke yake, kwa sababu miti iko kila pahali. Nilisimama mulangoni naona vyuma tu, ndani ya vikapu, juu ya vichwa vya watoto.

Halafu nikamuona Mama Sifa. Chuma hakuwa nayo. Mupini alikuwa ameufunga kwenye mukono wake wa kushoto na mupira wake, mutupu.

"Mama Sifa! Na jembe?"

"Ilianguka njiani usiku, Papa. Tuliiacha." Alinyanyua ule mupini kidogo. "Chuma nitapata mbele. Huu, kama ningeuangusha, ningerudi kuutafuta."

Niliingia ndani, nikachukua jembe langu, nikaligonga kwenye jiwe la mulangoni mpaka chuma ikatoka. Niliingiza chuma ile kwenye mupini wake. Tundu lilikuwa kubwa kidogo, kwa hiyo nilipasua kipande cha mupini wangu mwenyewe, nikachonga kabari, nikaigongelea mpaka ikashika. Watoto wake walikuwa wameshaanza kutembea. Aliijaribu mara moja kwenye udongo wa kiwanja changu, ikaingia, na akawafuata.