Anayesimama Ndiye Anayebaki Kwenye Picha za Koleta

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwenye sakafu ya jukwaa la abiria, stesheni ya Tabora, pana alama ya chaki yenye ukubwa wa sahani. Koleta Emilian, mpiga picha mwenye umri wa miaka 52, anairudia kamera yake iliyo juu ya stendi, anachungulia, kisha anakwenda kuifuta alama kwa kiatu na kuichora upya karibu na benchi.

Anamsubiri mwanawe, Eustace, anayepita na treni kutoka Kigoma kwenda kuanza kazi Morogoro. Hatalala hapa. Treni itasimama hadi mabehewa ya kutoka Mwanza yaunganishwe, kisha itaendelea.

Mkononi Koleta ana kipande cha kioo cheusi, cha aina wanayotumia mafundi wa kuchomelea vyuma kulinda macho. Kikifungwa mbele ya lenzi huzuia karibu mwanga wote, hivyo kamera hulazimika kuachwa wazi dakika nzima hata mchana. Ndani ya dakika hiyo, kinachotembea hupita bila kuacha alama. Kilichotulia ndicho kinachoonekana.

"Mama Eustace, leo usinifute!" anapaza sauti Abasi, mchukuzi wa mizigo, akipita na mkokoteni wenye magunia ya karanga. "Miaka yote nasukuma hapa, kwenye picha zako simo hata kivuli."

"Simama basi, shemeji."

"Nikisimama nitakula nini?"

Kazi inayomlisha Koleta iko kwenye studio yake ya chumba kimoja, kata ya Cheyo. Maharusi huwapiga picha kupitia soksi ya nailoni iliyovutwa mbele ya lenzi, ili ngozi ionekane laini. Anayetaka ukungu pembezoni hupakiwa mafuta ya mgando kwenye kingo za kioo cheupe kinachowekwa mbele ya lenzi. Msimu wa mauzo ya tumbaku, sherehe moja humpatia hadi shilingi 200,000. Mvua zikianza, anaweza kumaliza mwezi kwa picha za pasipoti pekee.

Picha za stesheni hazina mnunuzi. Zimejaa ukutani kwake: benchi, taa, sanduku la bati, bibi mmoja aliyesinzia. Abiria waliokuwa wamejazana hawaonekani.

"Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi," anasema. "Alibeba mizigo kutoka hapa mpaka Bagamoyo, kwa miguu. Hakuna anayejua alifananaje. Kwetu watu wanaondoka, ndiyo kazi yetu. Mimi nataka mmoja aonekane kama aliyebaki."

Eustace aliondoka nyumbani miaka sita iliyopita. Picha alizomtumia mama yake kwa simu ni nyingi, lakini Koleta hajachapisha hata moja. "Zote yuko mahali pengine," anasema.

Treni inaingia saa moja na dakika kumi. Kijana mrefu anashuka akiwa na migebuka, samaki wa Kigoma, iliyofungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekonda."

"Ndiyo salamu hiyo?"

Wanacheka, wanakumbatiana, wanaulizana habari za ndugu. Mabehewa yanagongana upande wa pili wa stesheni. Kisha Koleta anamwonyesha alama ya chaki.

"Mama, piga ya simu, tukanywe chai."

"Ya simu utanitumia mwenyewe. Dakika moja tu, mwanangu. Tangu kipaimara hujawahi kutulia mbele ya kamera."

Eustace anasimama juu ya chaki. Koleta analenga kwanza, ndipo anafunga kioo. Kikishafungwa, haoni kitu tena. Anabonyeza. Abiria wanapita mbele ya kijana, na Abasi anapita na mkokoteni. Midomo ya Koleta inahesabu bila sauti.

Honi inalia. Eustace anageuza mabega kutazama behewa lake. Miguu haijatoka kwenye alama.

"Mama, inaondoka!"

"Subiri, nirudie."

Lakini baada ya picha ya aina hii kamera huhitaji dakika nyingine kuiondolea picha chembechembe, na muda huo wote haiwezi kupiga nyingine. Koleta anakibandua kioo. Skrini ni nyeusi. Eustace anamkumbatia kwa mkono mmoja, anachukua chupa ya asali aliyoletewa na mama yake, anakimbia.

Picha inatokea treni ikiwa imeshaanza kutembea. Ndani yake jukwaa ni tupu. Karibu na benchi kuna jozi ya viatu, kamba zinaonekana hadi mafundo. Kuanzia magotini kwenda juu ni ukungu.

Abasi anachungulia begani kwa Koleta.

"Vimepatikana viatu," anasema. "Si haba. Mimi hata viatu vyangu havimo."

Koleta anacheka. Anakifuta kioo kwa upindo wa kitenge na kukirudisha kwenye kopo lake.

Wiki iliyofuata picha hiyo ilikuwa ukutani Cheyo. Pembeni yake Koleta alikuwa amegongomea msumari wa pili. Huo bado ulikuwa mtupu, ukimngoja Eustace apite tena.