Mtani Aliyenyamaza

Dauda wa Chiungutwa hakuwahi kuamini kitu kinachoanza vizuri. Mkorosho ukitoa maua kabla ya wenzake, yeye huupita akiguna: ngoja ugonjwa wa ubwiri unga uje uyakaushe, tutaonana. Ligi nayo aliipima hivyohivyo. Yanga yake ilishinda mechi za mwanzo, vijana wakaanza kuushangilia ubingwa barabarani, naye akawakatisha: "Simba nao si wanashinda? Mwanzo hauna mwenyewe."

Lakini lililomkosesha usingizi halikuwa la uwanjani. Lilikuwa Benedikto, Simba wa damu, mtani wake tangu ujana. Miaka yote Yanga ikifungwa, alfajiri Benedikto hubisha hodi kwa Dauda akilia kilio cha msiba, anauliza mazishi saa ngapi. Msimu huu Yanga walipokuja kufungwa, kimya. Katika kibanda umiza cha Hajira, wanakolipia kutazama mpira kwenye runinga, alikaa pembeni, kofia imemshuka usoni, anamsikiliza mtangazaji tu.

Jumamosi moja Yanga wakafunga bao, Benedikto akapiga makofi. Kibanda kizima kikageuka.

"Baba Flora, umehamia kwetu?" Dauda akauliza.

"Bao zuri ni bao zuri," akajibu, akatoka hata mapumziko hayajafika.

Bao zuri! Mtu wa Simba! Dauda akajua hapa pana jambo. Kikulacho ki nguoni mwako. Ama ana kinyongo, ama kweli amehama. Na akihama, yeye atataniana na nani? Na hawa vijana wanaotukanana kwenye simu? Wazo lile lilimuuma, na kule kuumwa kukamkasirisha.

Kesho yake akamfuata shambani, akajibanza nyuma ya shina kama mwizi wa korosho. Benedikto alikuwa amepiga magoti, anapapasa majani makavu kwa viganja. Korosho zilikuwa zimelala kando ya goti lake, nzuri, zimekomaa. Mkono ukazipita. Ukaokota jiwe, ukalitia kikapuni.

Dauda akajitokeza. Hasira yote ilikuwa imemwishia.

"Tangu lini, Baba Flora?"

Benedikto hakugeuka. "Tangu kipupwe. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Usimwambie mtu."

"Na yale makofi?"

"Nilisikia kelele, nikadhani mmefungwa."

Dauda alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Akapiga magoti, wakaokota pamoja, na kabla kikapu hakijajaa walikuwa wamekubaliana kwenda kwa daktari wa macho Masasi.

Jumamosi iliyofuata Simba walicheza, wawili hao wakakaa benchi moja. Dauda akawa anamsimulia mwenzake sikioni: nani kapiga, nani kaanguka, nani anajiangusha. Dakika za mwisho kibanda kikalipuka, Benedikto akaruka juu mikono hewani. Mara kelele zikakatika.

"Nini tena?"

"Limekataliwa. Kaotea."

Benedikto akaketi taratibu. "Kaotea kweli, Baba Somoe, au kaotea kwa macho yako ya Yanga?"

"Kaotea, wallahi."

"Hajira!" Benedikto akapaza sauti, kibanda kizima kikasikia. "Njoo ukae hapa, mwanangu, unitazamie mpira. Huyu mzee simwamini hata kidogo!"

Dauda akaapa tena, na tena, moyo umemjaa raha.