Pasi ya Makaa

Mume wangu ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha barafu Mtoni. Kazini hufunga vihisi vya umeme, vidude kama bangili vinavyokumbatia waya na kuonyesha kwenye simu mota inakula umeme kiasi gani. Siku moja akafunga kimoja kwenye waya mkuu wa nyumba yetu, Jang'ombe. "Cha kulinda friji," akanambia. Nikamshukuru, nikampikia biriani.

Halafu yakaanza maswali. "Asubuhi ulipiga pasi. Ulikuwa unakwenda wapi?" Nilikwenda kumtazama mama, basi. Nikadhani jirani ndiye anayenichongea, nikamnunia, maskini, bure. Mpaka nilipoiona simu ya mume wangu: mstari wa friji umelala chini, na kila nilipopiga pasi umechupa juu. Kumbe bangili ilikuwa yangu.

Nilikwenda sokoni Darajani nikanunua pasi ya makaa. Nikanyoosha buibui langu, nikalifukiza udi, nikafunga mlango na kurudi kwa mama. Kwenye simu yake siku ile friji ilitulia tu. Alirudi jioni akiamini nimo ndani.