Utando Juu ya Pipa

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, nilikuta utando wa mafuta ukielea kwenye pipa langu hapa Kitale.

Tangu mvua zianze nilikuwa nikikuza mwani, vile vijimea vinavyogeuza maji yaliyotuama kuwa kijani, ili nipate mafuta ya kuendesha injini. Nilikuwa nimesoma kwamba mwani ukipewa mbolea huongezeka, lakini ukinyimwa nitrojeni huacha kukua na kuanza kujiwekea mafuta. Basi nikaunyima. Nilisahau ukurasa uliosema mafuta hayo hubaki ndani ya seli mpaka yakamuliwe.

Nilichovya utambi, nikauwasha. Ukawaka vizuri. Papo hapo nikampigia simu Wafula, mnunuzi wa ng'ombe, aje achukue mtamba wetu wa pekee, nipate pesa za mapipa zaidi.

Alipofika nilimwonyesha moto wangu.

"Mzee, si haya yananuka kama ya taa, bana," alisema.

"Mafuta yote ni ndugu," nikamjibu.

Mke wangu, Nasimiyu, alikuwa ameshika kamba ya mtamba na hakutaka kuiachia.

Mama yake alikuwa amewasili jana yake kutoka Lugulu. Kwa desturi yetu mimi naye hatusemezani ana kwa ana, kwa hiyo alipaza sauti kutoka jikoni: "Nasimiyu, ambia baba watoto nilimwaga mafuta ya taa kwa hayo maji jana. Mbu zilikuwa mingi sana."

Wafula alicheka mpaka akakaa chini. Mtamba alirudi kwenye nyasi. Hasara yote ikawa mafuta ya taa ya shilingi mia moja, tena ya mama mkwe.